Mama wa Kwenye Riwaya

Alhamisi, 9 Novemba
Balaa! Kikundi chetu cha kusoma kimechagua riwaya ya Oddny. Mdogo wangu wa tumbo moja — ila anaandika kwa jina la mumewe, kwa hiyo hakuna anayejua. Gunnvor ndiye aliyeipendekeza, wengine wakashangilia. Na mkutano ni kwangu! Nikatabasamu, nikakubali. Mjinga mimi.

Jumapili, 12 Novemba
Nimeimaliza. Mama wa mle anamfungia bintiye mdogo kwenye banda la mashua, Januari, mpaka midomo inabadilika rangi kwa baridi. Dada mkubwa — mimi huyo! — hajui lolote. Uongo mtupu! Sisi hatukuwa na banda wala mashua. Baba alitapika hata kwenye feri. Siku hizi hapa Bergen mtu anawaanika ndugu zake, anaita riwaya, anapewa tuzo. Nina hasira!

Jumanne, 21 Novemba
Nimekutana na Gunnvor dukani, kwenye samaki. Eti kaisoma kwa siku mbili, kalia. Eti mama kama yule ni wa kufungwa maisha. Nikasema ni hadithi tu. "Wee Torunn! Mambo kama yale hayatungwi!"
Mama anakaa chini yangu, ghorofa ya kwanza. Jioni nimemsikia anaimba huku akiosha vyombo. Ana miaka themanini na moja. Akijua, atakufa kwa uchungu.

Alhamisi, 30 Novemba
Naandika jikoni, nimesimama. Wenzangu wako sebuleni.
Walikuwa wamepamba moto — Gunnvor anamwita yule mama shetani — mara Mama huyo, kaingia na keki ya tufaha. Hakuna aliyemwalika. Akaketi. Gunnvor, kwa adabu zote, akamuuliza kama naye anapenda riwaya.
"Hiyo nimeisoma mara mbili," akasema Mama. "Niliiazima maktaba. Shetani wenu ndiye mimi, mwanangu."
Sikujua niangalie wapi. Nikasema, Mama, usijali, sisi tunajua ni uzushi wa Oddny. Akanitazama kwa huruma. Mimi! Nikakimbilia huku, eti kuleta kahawa.
Sasa anaongea. Taratibu, kama anamwelekeza mgeni njia.
"Kwanza, halikuwa banda la mashua. Ilikuwa stoo ya viazi."