Mpunga wa Bibi Maurisia

Mama Apolonia,

Nakuandikia nina kichefuchefu, na si cha mimba, usianze kufurahi. Ni cha watu. Ungekuwa hai ningekuja jikoni kwako nikasema mpaka nichoke, nawe ungeendelea kupepeta mchele kana kwamba husikii. Sasa umelala makaburini tangu Majilio, basi nivumilie.

Unaikumbuka zamu yako. Mvua zikianza, watu wote wanahamia mashambani ng'ambo ya mto kulinda mpunga, na kijijini wanabaki wazee na wagonjwa wasioweza kuvuka. Wewe ndiye uliyesimama kanisani ukasema kila wiki mama mmoja wa parokia arudi awachotee maji, awapikie, awaoshe. Tulirudi, tukinung'unika njia nzima, maana tulikuogopa wewe kuliko nguruwe waliokuwa wakitumalizia shamba.

Ulipokufa, mke wa katekista akashika nafasi yako. Akaja na wazo lake: asiyeweza kurudi zamu atoe debe la mpunga, na zamu yake itahesabiwa imetimia. Watu walifurahi, usiniulize. Ghafla hakuna hata mmoja aliyeweza kurudi. Mpunga ulipelekwa altareni kwa vigelegele, padri akaubariki, akina mama wakavaa kanga za sare kutoka duka la Mhindi, wakaubeba vichwani kuwagawia wagonjwa. Mimi pia nilikuwemo, nikiimba. Kesho yake sote tukavuka mto.

Bibi Maurisia unamjua, ukoma ulimla vidole sisi hatujazaliwa, na miguu haimbebi. Wiki iliyopita nilivuka kufuata chumvi nikapita kumwamkia. Harufu ilinipokea kabla ya mlango. Alikuwa ameketi katika uchafu wake, amezungukwa na magunia ya mpunga. Mpunga, Mama Apolonia, na maganda yake. Kinu hana, na angekuwa nacho, mchi angeushika na nini? Midomo ilikuwa imechanika kwa kutafuna maganda. Panya wa nyumba ile wamenona. Asingekuwepo yule mzee kipofu wa jirani, anayepapasa njia kumletea maji na kipande cha muhogo, ningekuta maiti.

Nilisema shikamoo. Akaitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akasema, "Wenzio walikuja wakaimba. Wakaniachia chakula cha panya."

Nilitoka nikatapika nyuma ya nyumba. Kinyesi hakinishindi, wewe ulinifundisha kuvuta pumzi kwa mdomo na kuimba litania mpaka kazi iishe. Nilitapika kwa kukumbuka vile vigelegele. Halafu nikarudi ndani nikamwosha, nikaazima kinu, nikatwanga na kumpikia uji. Alikula taratibu huku machozi yakimtoka, midomo inamuuma.

Jumapili mke wa katekista alivuka kuja misani, nikamweleza mbele ya wenzake. Akaniangalia kama anamwangalia mtoto asiyeelewa, akasema, "Lakini tulitoa, Mama Rozi. Hakuna nyumba ambayo haikutoa." Na anasema kweli, hapo ndipo ninapochefuka zaidi. Dhamiri yake imefuliwa na kupigwa pasi. Tena wanataka chama chao cha akina mama kiitwe kwa jina lako, na misa ya kukuombea watu waje na sare. Niliondoka bila kuaga, nisije nikatukana kanisani.

Nawe pia nakukasirikia, niache niseme. Ulitufundisha kukuogopa, nasi tukadhani ule woga ni upendo. Ulipofukiwa, woga ukafukiwa nao, tukabaki na kanga. Ungeishi japo mwaka mmoja zaidi ukatufundisha lililobaki. Nimekukosa sana, dada yangu. Sina wa kunikaripia.

Baba Rozi anasema nikibaki huku mpaka mavuno, nguruwe watakula nusu ya shamba, na mwaka ujao watoto watalala njaa. Hasemi uongo, na sijui nitamjibu nini wakati huo ukifika. Lakini nimebaki. Usidhani Bibi ananishukuru. Jana namsugua mgongo akaniambia mikono yangu mizito, ya kwako ilikuwa ya heri. Nusura nimwache na povu lake.

Pumzika, Mama Apolonia. Misa yao wasome wao, mimi nitakuombea nikiwa natwanga. Na nakuahidi hili: siku watakayorudi na mavuno wakiimba, watamkuta Bibi Maurisia hai, ameoga, ameketi mlangoni. Nitasimama pembeni yake kuhakikisha kila mmoja anamwamkia kwa kumshika mkono.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Rozi