Msimu Mpya Nimeutazama Bila Wewe

Mdogo wangu Kifimbo,

Ni mimi dada yako. Mzima, cherehani inakwenda, paa halivuji tena.

Msimu mpya wa tamthilia ya shujaa wetu umeanza, nami nimevunja ahadi yetu, nimeutazama peke yangu. Mapigano ni moto, sikudanganyi! Ila joho wamelishona ovyo, pindo linaning'inia. Fundi yule ningemfukuza. Tena sasa shujaa anamsikia kila anayemwita, hata aliye ng'ambo ya mji. Si kama zamani, alipokuwa akikosa kuwasikia wengine. Nikakasirika, nikazima.

Nikashika simu nisome ujumbe niliokutumia Mama alipofariki, nijihakikishie kwamba kosa la kutokuja mazikoni ni lako. Kumbe niliutuma kwenye namba yako ya zamani. Haukukufikia. Na ulipokuja wiki moja baadaye, nilikufungia mlango, nikasema mbele ya majirani kwamba huna uchungu na mama yako.

Uliuliza tu, "Kaburi liko wapi, dada?"

Sikukuonyesha.

Sehemu ya mwisho sijaitazama. Njoo, lakini kwanza nitakupeleka kwa Mama.

Dada yako, aliyekushonea joho la kwanza kwa shuka lake mwenyewe.