Kovu Lililotakiwa Kuzeeka

MAELEZO YA SHAHIDI
Shauri: Kujifanya mtu mwingine
Jina: Anafahamika na wote kama Bi Taratibu
Umri: Miaka 51
Kazi: Mkandaji na mtunza makovu ya upasuaji
Makazi: Nyuma ya soko la mboga, nyumba yenye geti la bluu
Yameandikwa na: Sajenti wa zamu, chumba cha upelelezi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu baada ya kuitwa, sikukamatwa, na naomba hilo liandikwe kwa sababu majirani wameniona nikiingia.

Kazi yangu naifanyia kwenye chumba kilicho nyuma ya saluni ya wifi yangu. Mimi si daktari. Wanaokuja kwangu ni watu waliokwisha kupasuliwa hospitali, nyuzi zimetoka, kidonda kimefunga na daktari amewaruhusu. Kina mama waliojifungua kwa upasuaji, mabinti waliotolewa uvimbe shingoni, wazee wa henia. Naukanda mshono kwa mafuta, kwa ncha za vidole viwili, halafu nabandika plasta laini ya silikoni, mtu ashinde nayo na alale nayo. Kila mmoja namwambia ukweli mapema: kovu halifutiki, linatulia tu. Anayetaka lifutike aende kwa wale wa kwenye mabango.

Mnamo tarehe 6 Machi, asubuhi, alikuja mwanamume mrefu, fundi wa mafriji. Alikuwa na kovu la apendiksi, upande wa kulia wa tumbo. Lilikuwa bichi kabisa. Limeinuka, linang'aa, pembeni lina wekundu, na mwenyewe alisema linamwasha. Nikamwambia hili halijafika hata miezi mitatu. Akasema ni kweli. Nikasema tutalipunguza, Mungu akipenda.

Akasema, "Sitaki lipungue tu, Bi. Nataka lizeeke."

Nikamuuliza lizeeke vipi. Akasema lionekane la tangu utotoni. Loo! Watu wote hunijia wakitafuta ujana, huyu peke yake anatafuta uzee. Nilidhani ananichezea shere. Nikamtazama, hakucheka. Nikasema moyoni, mteja ni mteja, nikachukua mafuta.

Wiki iliyofuata alikuja na mama mmoja, mwalimu mstaafu. Mama akaketi kwenye stuli yangu, akamkunjia shati mwenyewe, akaniambia, "Huyu ni kifungua mimba wangu. Alipasuliwa apendiksi akiwa na miaka tisa, leo ana thelathini na nane. Alipofika kumi na saba akaondoka kutafuta kazi, asirudi. Sasa amerudi."

Hapo nikachanganyikiwa. Mkono wangu uko juu ya kovu la juzi, sikio linaambiwa la miaka ishirini na tisa. Nikamwangalia fundi, akafumba macho. Afande ameniuliza kwa nini sikutoa taarifa siku hiyo. Afande, ningetoa taarifa ya nini? Kwamba nimeona kovu?

Nilichofanya ni kumkanda kwa hasira. Alipiga kelele, na mama akanikaripia kama mtoto wa darasa la pili. Mama alipotoka nje kupokea simu, nikamuuliza yule fundi, "Mtu mzima na ndevu zako, huoni haya kumlaghai mama wa watu?"

Akasema, "Nilikwenda kwake kutengeneza friji. Akafungua mlango, akasema, 'Umerudi.' Nikasema mimi ni fundi. Akasema, 'Najua, ingia ukae kwanza.'" Kisha akasema, "Mimi sina mama, Bi. Akiniita mwanangu, naitika. Kosa langu liko wapi?"

Nikalitafuta kosa lake ili nimwonyeshe. Nikaliona, halafu likanipotea. Mama akarudi, nikachukua tena mafuta.

Afande ameniambia nifupishe. Nafupisha.

Mnamo tarehe 20 Machi mama alifika peke yake, kabla ya fundi. Niliona nikinyamaza nitapasuka. Nikamwambia, "Mama, samahani, mimi sijui kuzungukazunguka. Kovu lile ni jipya."

Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Najua. Nani alimpeleka hospitali? Nani aliketi kwenye benchi mpaka wakamtoa chumba cha upasuaji? Walipouliza ndugu wa mgonjwa yuko wapi, niliinuka mimi."

Nikauliza, "Kwa hiyo siye mwanao?"

Akasema, "Watu wote duniani, na Mungu akamkata huyu mahali pale pale. Wewe ungeelewa vipi?" Nikasema sijui. Akaniambia binti yake, mdogo wake yule aliyepotea, anakuja mwezi ujao kutoka mbali. Amesema kwenye simu kwamba hataamini mpaka alione kovu. "Macho hataki kuyaona, mikono hataki kuiona, anataka kovu. Basi mimi nimemtafutia kovu."

Nikamuuliza waziwazi, na naomba liandikwe kama lilivyo: "Mama, unajua kwamba si yeye, au unaamini ni yeye?"

Akajibu, "Asubuhi najua. Jioni anapotoka kazini na kusema 'mama, nimefika,' naamini."

Fundi alipokuja nilimkanda vizuri, kwa mkono mwepesi. Nikambandikia plasta, nikamwonya kama ninavyowaonya wote, isitoke, ila wakati wa kuoga tu. Sijui siku hiyo nilikuwa natibu au nafanya nini.

Yaliyotokea tarehe 14 Aprili sikuyaona kwa macho, nilipigiwa simu na mama huku analia. Binti alifika. Hakuketi, hata maji hakunywa, akasema, "Kaka, inua shati." Fundi akainua. Plasta ilikuwa juu ya kovu. Jamani! Binti akauliza, "Kovu la miaka ishirini na tisa linabandikwa plasta?" Na yule bwana, badala ya kutafuta neno lolote, akajibu kwa adabu zake zote, "Bi Taratibu amesema nisiitoe."

Nilipoambiwa nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikaona aibu. Uongo ni kazi ya wajanja, na huyu si mjanja. Kesho yake polisi wakamchukua kazini kwake, friji ya watu iko wazi mbele yake.

Afande ameniuliza kama fundi aliwahi kutaja nyumba ya mama au urithi. Kwangu hakutaja. Ameniambia pia kwamba mama anaapa ni mwanawe, binti anakana, hospitali bado haijajibu, na kwa hiyo fundi atabaki ndani au atatoka kwa neno langu mimi. Naomba iandikwe kwamba neno hilo sikuliomba.

Leo asubuhi nilipofika, mama na binti walikuwa kwenye benchi moja la hapo kwenye korido, kila mmoja ncha yake. Mama hakunisalimu. Binti aliinuka, akanifuata mpaka kwenye bomba la maji. Akasema, "Bi Taratibu, kabla hujaingia, niambie mimi kwanza. Ni jipya?"

Nikasema, "Ni jipya, mwanangu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nilidhani atafurahi, kwa kuwa ameshinda. Akashika ukuta. Akasema, "Nilitaka unibishie." Akasema alikuja hapa mbio kushtaki ili mtu mmoja, yeyote, amwambie amekosea, kwamba yule ni kaka yake kweli. Sasa kama si yeye, basi kaka yake hajarudi, na hajui aendelee kumngoja au vipi. Nikamshika bega, naye akaniachia uzito wake wote, tukasimama hivyo hivyo mpaka Afande akaniita.

Jibu langu ni hili. Kovu ni la mwaka huu. Huyu fundi siye mtoto aliyepasuliwa miaka ile. Hilo najua kwa vidole vyangu, na hata mahakamani nitalisema. Afande ameniuliza, sasa aliyedanganywa ni nani? Mama alijua. Fundi aliponiambia, aliniambia yote. Binti hakuamini tangu mwanzo. Nimehesabu kila mtu, aliyedanganywa sikumpata. Andika kwamba shahidi hajui.

Hapa ndipo nilipofikia, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni sahihi. Ameomba neno "mkandaji" lisibadilishwe kuwa "mganga." Halikubadilishwa. Wakati anatia sahihi, mlalamikaji, yaani binti, ameingia na kuomba kumwona mtuhumiwa. Nimemuuliza kama anafuta malalamiko. Amesema hapana. Nimemuuliza basi anamtakia nini. Amesema, "Mama anauliza kama amekula." Nimemruhusu dakika kumi.