Picha ya Njoki Amelala

Ruiru, Jumapili, 1954

Nimesugua mikono kwa sabuni na bado weusi wa makaa hautoki.

Leo Wangari, mke wa kaka yangu, aliniomba nimchore mtoto wao, picha ipelekewe baba yake. Kaka alipelekwa kizuizini kabla Njoki hajazaliwa. Hajamwona hata siku moja. Huyu mtoto hatulii, kwa hiyo nilingoja alale baada ya uji wa mchana. Nikachora nywele, shavu lililolalia mkono, mdomo wazi kidogo. Nikajiona nimeweza.

Wangari akaja kutazama, akaiinamia karatasi. Kisha, "Mbona umemchora kama aliyekufa?"

Mtoto mwingine niliyewahi kumchora ni binti yangu, asubuhi ile kabla hatujamzika. Mkono wangu haujui kope nyingine zilizofumba.

"Haki, sikukusudia," nikamwambia. "Tuichome?"

"Hapana. Baba yake anangoja."

Akachukua kipande cha makaa, akaandika mwenyewe chini ya picha, polepole, maana amejifunza kuandika juzi tu: *Amelala. Ni mzima.*

Ni mzima kweli. Lakini tangu jua lizame nimeenda mara tatu kusikiliza kama anapumua.