Maji ya Chumvi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Samaki mwingine tena amekufa. Yule wa bluu — nimemkuta amenaswa kwenye pampu, macho meupe. Sasa kwenye tangi la mapokezi amebaki mmoja, wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Marehemu Haroun alimleta kutoka Mombasa mwaka walipofungua gesti hii. Mkewe, Madam Naila, humwita Bwana Mdogo. Tangu alazwe huko Mombasa ananipigia kila jioni. Haulizi wageni. Haulizi vyumba. "Musyimi, Bwana Mdogo amekula?"

Nimepima. Amonia: kijani kidogo. Naitreti: nyekundu. Chumvi: imepita alama. Sielewi. Pakiti ya chumvi ya bahari sijaifungua tangu Julai.

Nyamai wa geti amechungulia. Anasema nikishindwa nimwambie, ana mafuta na kitunguu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeosha kichungi. Chakula nimepunguza. Nimetoa ndoo ya maji, nikarudisha ya mvua niliyochanganya na chumvi ya pakiti kwa kipimo. Chumvi imeshuka kidogo. Bwana Mdogo amekula, akatema.

Alhamisi, 11 Septemba

Imepanda tena! Juu kuliko Jumatatu.

Maji hukauka, chumvi hubaki, hiyo naijua. Ndiyo maana kila asubuhi Kathini akimaliza kusafisha vyumba hujazia maji matamu, yale ya mvua, mpaka kwenye mstari. Sasa hii chumvi inatoka wapi? Nilidhani kifaa kimekufa. Nikakijaribu kwa maji ya mvua — sufuri. Kifaa ni kizima.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimejua.

Nilinawa mikono kwa jagi la Kathini lililoachwa kando ya tangi. Sabuni ikakataa kutoa povu, ikakatika kama maziwa yaliyoganda. Nikaonja. Ya kisima.

Nilimuuliza. "Si ni maji ya chumvi?" akasema. Nikamwambia hayo ni ya kisima. "Kwani ya kisima si ya chumvi? Wewe mwenyewe ukiwekewa kwa chai unatema."

Kumbe Madam alimpigia akiwa hospitalini: samaki wangu ni wa maji ya chumvi, usimbadilishie. Alimaanisha bahari. Kathini akasikia kisima, kama mtu yeyote wa huku. Ya mvua akawawekea wageni. "Nikaona huyu ako na adabu, anakunywa yale sisi tunakataa."

Nimemweleza kwamba chumvi ya ardhini ina mambo yake, chokaa na naitreti, na kila jagi lilikuwa linaongeza juu ya ile iliyobaki. Akakaa kwenye kiti cha wageni. "Kwa hivyo ni mimi." Nikasema hapana.

Jioni Madam: "Nilimwambia Kathini asimbadilishie maji. Ananisikiza?"

"Anakusikiza sana, Madam," nikamjibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Tangi la mvua ni tope tupu, na mawingu hakuna. Nimeleta katoni za maji ya chupa kutoka dukani. Nyamai alinisaidia kubeba. "Mimi nakunywa ya kisima, samaki ya chupa. Kwa hii gesti nilizaliwa vibaya."

Shida sasa ni mwendo. Nikishusha chumvi kwa haraka mwili wake utashtuka, afe. Nikienda polepole, amonia, sumu ya kinyesi chake, itamuua kwanza. Nimeamua polepole. Glasi, nangoja, glasi.

Hajala. Anapumua mbio, amejibana kwenye kona ya pampu.

Jumapili, 14 Septemba

Chumvi imeshuka, bado iko juu. Amonia kijani zaidi. Nimefuata kila hatua kama inavyotakiwa na kila rangi imekuwa mbaya zaidi. Mchana amelala ubavu, tumbo juu kidogo. Mashavu bado yanapanda na kushuka.

Kathini ametoka kanisani. Aliinuka kuomba maombi, akaona aibu kusema ni samaki. Akasema kuna mgonjwa wa familia ya Madam. Kanisa lote likamwombea Madam.

Saa kumi, ujumbe: "Kesho asubuhi naingia tieta kupasuliwa. Leo nina bando. Usiku nitapiga video nimuone Bwana Mdogo, roho itulie."

Nimepangusa kioo. Nimejaribu kumsimamisha kwa kijiti cha wavu. Akasimama, akaanguka upande ule mwingine.

"Sema amelala," Kathini ananiambia.

Samaki huyu halali hivyo. Madam amemtazama miaka yote hiyo, anajua anavyolala.

Simu iko hapa juu ya daftari. Inaita. Kathini amezima taa ya tangi.