Baada ya "Worst" Hakuna Neno

Dunga, Kisumu
Jumapili, Julai 1988

Kaka yangu Karisa,

Nakusalimu kutoka huku ziwani. Natumaini wewe na Wifi Kadzo mmeamka salama huko Ganze, na watoto wanakwenda shule bila kikohozi. Mimi mwili ni mzima. Mvua imenyesha wiki nzima na chumba changu kinanuka samaki na ukungu, lakini nimeshazoea.

Nilikuandikia kwamba nimepewa darasa la ngumbaru, la akina mama wanaouza samaki hapa ufukweni. Tunasoma alasiri ndani ya kanisa, wakishamaliza biashara. Kusoma na kuandika Kiswahili wameweza, sasa wakataka Kiingereza. Mwezi uliopita nilikuwa nawafundisha kulinganisha vitu. Niliweka samaki mezani, tukasema pamoja: omena is small, ngege is bigger, mbuta is the biggest. Walicheka, wakaelewa upesi. Kesho yake nikawaeleza kwamba maneno mengine hayafuati njia hiyo. Good haiwi gooder, inakuwa better, halafu best. Bad inakuwa worse, halafu worst.

"Na baada ya worst?" akauliza Mama Akoth.

"Hakuna neno," nikamjibu. "Hapo ndipo mwisho."

Huyu Mama Akoth alikuwa na bidii kuliko wote. Mumewe, Mzee Odhiambo, fundi wa mashua, alikuwa amelazwa hospitali mjini, amekonda, anakohoa usiku na mchana. Mama alimpelekea uji kila asubuhi kabla ya kuteremka kununua samaki.

Siku chache baada ya somo hilo alikuja chumbani kwangu. Nilimpa kiti, hakuketi.

"Mwalimu, leo daktari alisimama kwa kitanda ya mzee na mwenzake," akasema. "Wakaongea Kizungu. Nikasikia, he is worse. Tena nikasikia, the worst in this ward. Halafu akanigeukia, akaniambia na Kiswahili, mama usijali, anaendelea vizuri."

Nikasema pengine hakusikia sawasawa.

"Nimesikia," akasema. "Si wewe ndiye ulinifundisha?"

Akaniomba nifuatane naye. Tulimkuta daktari yuleyule, kijana, macho mekundu kwa uchovu. Wodi ilikuwa imejaa, wagonjwa wengine wamelala sakafuni. Mama Akoth akaomba kumchukua mumewe. Daktari akasema asubiri, dawa bado hazijaisha. Basi mama akasema polepole, kama anavyosoma ubaoni, "Doctor, he is worse. Home is better."

Daktari akamwita nesi, akamwagiza amwandae mzee kwa safari.

Walimpeleka kwao Bondo kwa pikapu, amelazwa kwenye godoro. Hakukaa sana, lakini alifika akiwa na akili zake. Aliongea na ndugu zake, akawaonyesha wanawe mbao za mvule alizokuwa ameziweka kando, akasema hizo ndizo wamtengenezee jeneza. Nilikwenda mazishini. Mama Akoth alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kama ningeamini ile Kiswahili yake," akasema, "mzee angekufia kwa watu hawamjui."

Hajarudi Dunga, na sidhani atarudi. Darasa nalo limepungua. Mama mmoja aliniambia waziwazi, "Mwalimu, hiyo Kizungu inatuletea habari mbaya. Tufundishe hesabu." Siwalaumu. Tangu wiki iliyopita tunafanya hesabu.

Kaka, barua yako ya mwisho ilisema kwamba Baba "anaendelea vizuri". Basi, ukaishia hapo, ukaingia habari za mahindi. Nimeyarudia maneno hayo mpaka nimechoka. Najua hutaki kunitia wasiwasi kwa kuwa niko mbali, lakini niambie kweli: tangu niondoke, amepata nafuu, au hali imezidi kuwa mbaya? Kama imezidi, andika hivyohivyo. Nitaomba ruhusa nipande treni. Nataka nimkute bado ananijua.

Msalimie Wifi, na shangazi yetu aliyetulea, na yule jirani fundi cherehani anayemletea Baba maziwa.

Najua Baba atataka umsomee barua hii. Msomee habari za mvua na za samaki, hizo nyingine ziruke.

Ni mimi mdogo wako,
Sidi