Dhahabu ya Panya na Sikio la Kaka

Uholanzi, mwezi wa kumi

Kaka yangu Aloisi,

Shikamoo. Mdogo wako ni mzima, ila baridi ya huku inauma hadi meno. Vipi wewe, wifi Restituta na watoto? Mama magoti bado yanamsumbua? Mvua za vuli zimeanza huko Kibosho? Nauliza mengi, lakini swali langu hasa ni moja: kofia yako iko wapi?

Usimkasirikie mkeo, ameniandikia yote. Eti kila asubuhi ukigeuza kahawa kwenye vichanja unavua kofia, unalielekeza juani lile sikio lenye kidonda, unasema, "Apolonia amesema mwanga unatibu kansa." Jamani, kaka! Nilicheka mpaka wenzangu wa maabara wakauliza kulikoni, na nilipoanza kuwaeleza nikajikuta nalia. Wewe umezaliwa albino, jua limekuchoma tangu utotoni, mama akikufukuza na kanga ujifunike. Leo ndiyo umeona jua ni daktari?

Ngoja nikueleze vizuri, maana simu ya siku ile ilikatika katikati. Tunachukua chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba hata kwa darubini ya kawaida huzioni. Tunamdunga panya mwenye uvimbe wa kansa kwenye ngozi. Kisha tunamulika pale kwa taa maalumu, na mwanga wake si kama wa jua hata kidogo. Unapita kwenye ngozi bila kuiunguza, lakini zile chembe zikiupokea zinapata moto, na uvimbe unaungua kutoka ndani. Mwezi uliopita panya wangu mmoja uvimbe ulisinyaa, likabaki kovu tu. Nikapiga vigelegele, profesa akaja mbio akidhani nimeungua! Halafu nikawaza, Mchagga mzima kashika dhahabu mkononi na anampa panya. Ukoo wakisikia watanifuta.

Lakini panya wengine hawakupona, kaka. Hatujui bado dhahabu hiyo inaishia wapi mwilini, wala kama itamfaa binadamu. Huenda ikachukua miaka mingi, na kidonda chako hakina subira hiyo.

Wifi anasema daktari pale Moshi ameshakwambia akate kipande cha juu cha sikio sasa hivi, kansa haijasambaa, na utapona. Wewe umemjibu kwamba unasubiri dawa ya dada yako. Tena eti mwimba besi wa kwaya hawezi kusimama mbele ya kanisa na sikio limepungua. Ala! Besi inatoka sikioni? Waache waangalie, watachoka wenyewe. Nimeshapata ruhusa ya kuja Krismasi. Bora nikukute na sikio moja na nusu tukichoma mbuzi, kuliko masikio mawili kwenye picha ukutani. Naogopa, kaka. Nakuambia wazi kwamba naogopa.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie soksi alizonifumia nalala nazo. Baba mdogo anayetukatia majani ya ng'ombe, msalimie, na aache kuonja pombe ya mbege kabla haijaiva. Shangazi wa Majengo mwambie kitambaa alichoagiza nimekipata. Wifi Restituta mwambie aika, asante sana kwa umbea wake, hajanikosea kitu.

Sasa chungulia tena bahasha, kuna kitu kimebaki ndani. Juzi niliingia duka la maua, nikakuta masale yamepandwa kwenye vyungu. Masale yetu yale yale ya mpakani mwa shamba! Wazungu wanayanunua kupamba ofisi. Nikamwuliza muuzaji kama anajua kwamba kwetu hilo ndilo jani la kuombea msamaha na kumaliza ugomvi. Akanitajia bei. Basi nimenunua chungu kimoja, nimekata jani, nimelifunga fundo kama baba alivyolifunga siku aliyokwenda kupatana na baba mkubwa. Najua litafika limekauka, lakini isale ni isale, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeletewa hakatai, hata awe mbishi namna gani.

Umeshalishika mkononi, Aloisi. Jumatatu nenda Moshi ukakatwe.

Mdogo wako akupendaye,
Apolonia